Edvina Aliyebeba Majina ya Watu

Watu wa Ijumbi walikuwa na jambo moja la kusema juu ya Edvina Kokuhirwa: anasema mno. Mgeni akikaribia uani kwake, kabla hajavuka mlango, alikwisha kutangazwa. "Karibu Gaudiosa, binti wa marehemu Ishengoma, uliyeolewa Kamachumu! Mumeo hajambo? Yule fundi wa pikipiki?" Gaudiosa aliitika huku akicheka. Nani asiyejua kaolewa wapi na mumewe anafanya kazi gani? Lakini ndivyo alivyokuwa Edvina, na watu walishamzoea.

Mumewe, Projestus Rwekaza, alikuwa kinyume chake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, maneno machache. Nusu ya watu wazima wa kata ile walisoma kwake. Naye alikuwa na tabia yake iliyowashangaza wanaume wenzake: alipenda kukaa jikoni. Edvina akiinjika ndizi na maharage, Mwalimu alivuta kigoda, akakaa karibu na mafiga, redio mapajani, mpaka chungu kiipuliwe. Wazee walimtania, wakamuuliza kama ameanza kujifunza upishi uzeeni. Yeye alijibu kwamba baridi imemwingia mifupani.

Wote wawili walikuwa wazima. Edvina alikuwa na miaka sabini na minne, Mwalimu sabini na minane, na hospitali kwao palikuwa mahali pa kwenda kumwona mtu mwingine. Hawana presha, hawana sukari. Edvina aliamka alfajiri akaingia kwenye kibanja, shamba lao la kuzunguka nyumba, akakata majani makavu ya migomba, akang'oa magugu chini ya mibuni, kisha akarudi na mkungu kichwani bila kuushika. Alizaliwa Maruku, baba yake akiwa kibarua kwenye mashamba ya utafiti wa kahawa na ndizi. Alipoolewa Ijumbi alikuja na machipukizi ya migomba yamefungwa kwenye khanga, mama mkwe akacheka kwamba huyu bibi harusi amekuja na mahari yake mwenyewe. Migomba ile ilizaa, ikazaa tena, ikasomesha watoto wawili. Joanitha ana duka la dawa Bukoba mjini na anakaa Nshambya. Datius yuko Mwanza kwenye kazi ya usafirishaji.

Mambo yalianza kuharibika kwa habari njema. Benigna, binti wa Joanitha, alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Mume wake alikuwa kazini Geita, na Joanitha hakuweza kufunga duka. Akampigia mama yake simu.

"Mama, njoo utusaidie. Mwezi mmoja tu."

Edvina hakukubali mara moja. "Na baba yako?"

"Taata ni mtu mzima. Mke wa jirani Kahangwa atampelekea chakula. Wewe njoo umwone kitukuu chako."

Hakuna aliyejua kwa nini Edvina alisita. Walidhani ni mapenzi ya wazee. Mwalimu mwenyewe alimsindikiza hadi barabarani na kusimama pale gari lilipoondoka, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kengele ya shule.

Nyumba ya Joanitha pale Nshambya ilikuwa na kila kitu. Maji ya bomba, friji, jiko la gesi lenye mafiga manne linalowashwa kwa kugeuza kitasa. Edvina alionyeshwa namna ya kuwasha na kuzima, akarudia mbele ya binti yake, akafanya sawasawa. Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Alimwogesha mtoto, alimkanda Benigna kwa maji ya moto, alimpikia uji. Majirani wa pale walianza kuja kusalimia, naye akawatangaza mlangoni kama alivyozoea, ingawa aliwajua wachache tu.

Siku moja Joanitha alirudi mchana kufuata chaja ya simu aliyoisahau. Ni bahati ya chaja tu. Alipofika barazani alisikia harufu. Alisimama. Harufu ile ilimpanda puani mpaka machoni. Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba, amembeba mtoto mgongoni, anapalilia kwa mkono maharage ya jirani yaliyokuwa upande huu wa ukuta, huku akizungumza naye ng'ambo.

Joanitha alitupa mkoba chini, akakimbilia jikoni. Sufuria ya maharage ilikuwa imefurika, maji yamemwagika na kuuzima moto, na gesi ilikuwa inaendelea kutoka, sssss, kama nyoka aliyejificha. Alifunga mtungi, akafungua madirisha yote. Kisha akakumbuka: Benigna yuko chumbani, amelala, mlango umerudishiwa tu.

Alimkuta ameketi kitandani, mkono kwenye paji la uso. "Mama, kichwa kinaniuma vibaya. Kuna nini?"

Joanitha alimtoa nje kwa kumshika kwapani, mshono wake ukimvuta kila hatua. Walipofika uani sauti ikamtoka Joanitha ambayo hakuwahi kuitumia kwa mama yake.

"Mama! Umetaka kutuua?"

Edvina aligeuka, mikono imejaa udongo. "Nimefanya nini?"

"Umeacha gesi!"

"Nimezima."

"Hukuzima! Maharage yamefurika!"

"Nimezima, Joanitha. Nilizima kwa mkono wangu huu, ndipo nikatoka."

Hilo ndilo lililomtisha Joanitha kuliko gesi yenyewe. Mama yake hakuwa anajitetea. Alikuwa na hakika. Kichwani mwake aliuona mkono wake ukigeuza kitasa, na mkono huo haukukigeuza. Edvina alipoingizwa jikoni na kuonyeshwa, alitazama lile povu la maharage lililokauka kwenye jiko, akamtazama binti yake, akachukua kitambaa akaanza kulifuta. 

Tangu siku ile Joanitha akawa anaondoka nyumbani na kirekebisha gesi, kile kifungio cha mdomo wa mtungi, ndani ya mkoba wake. Alimwambia mama yake apumzike, asishike jiko wala asitoke na mtoto peke yake. Edvina alikaa kwenye kochi mbele ya televisheni. Benigna alisema baadaye kwamba bibi alianza kuuliza leo ni siku gani. Mtu ambaye kila siku ilikuwa na kazi yake, leo kupalilia, kesho kupeleka kahawa, Jumapili misa, sasa siku zote zilikuwa kochi.

Kabla wiki haijaisha, simu ikapigwa kutoka Ijumbi. Aliyepiga alikuwa Kahangwa, jirani yao, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

Rugaibula, mdogo wake Kahangwa, alikuwa amefariki. Msiba ulikuwa mkubwa. Siku ya mazishi, Mwalimu Rwekaza aliombwa aseme machache, kwa kuwa marehemu na kaka yake wote walikuwa wanafunzi wake wa mwanzo kabisa. Mwalimu alisimama, akarekebisha kola, akaanza kwa ile sauti ya darasani ambayo watu waliijua. Alisema vizuri sana. Alisema juu ya utoto, juu ya kijana aliyekuja shuleni na kaptula ya kaka yake, juu ya baba yao aliyesomesha watoto kwa kahawa. Watu walikuwa wanalia.

Kisha akasema: "Leo tumempoteza Kahangwa."

Watu walidhani ulimi umeteleza. Lakini alisema tena. "Kahangwa alikuwa mtu wa haki. Mungu ampokee Kahangwa." Na Kahangwa ameketi pale pale, kwenye benchi la mbele, karibu na jeneza la mdogo wake, mzima, macho yamemtoka. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Mtu alimvuta Mwalimu shati, naye akadhani anaambiwa afupishe, akamalizia, "Pumzika kwa amani, Kahangwa," na kuketi.

"Amenizika," Kahangwa alisema kwenye simu. "Joanitha, baba yako amenizika mbele ya watu wote, mbele ya padri. Tangu siku ile silali. Mke wangu ameacha kula. Kwa nini alinitamkia kifo? Nimemkosea nini?"

Joanitha alikaa chini kwenye sakafu ya duka, nyuma ya kaunta, wateja wakimwita.

Datius alikuja kutoka Mwanza, akawapitia dada yake na mama yao, wakaenda Ijumbi pamoja.  Walimkuta Mwalimu barazani, amekonda, shati limefungwa mpaka shingoni lakini vifungo vimepishana. Edvina alishuka kwenye gari, akaenda moja kwa moja, akavifungua na kuvifunga upya. Hawakuamkiana.

Kikao kilikuwa sebuleni. Datius ndiye aliyezungumza, kama mwanamume wa nyumba. Alikuwa amejiandaa njiani, ilionekana. Alisema wao kama watoto wamekaa, wameona wazazi wamefika mahali pa kupumzika. Mama atakaa Nshambya kwa Joanitha. Baba atakwenda naye Mwanza, kuna chumba, kuna mtu wa kumwangalia. Kibanja kitatafutiwa mtu.

"Mnatutenganisha," Mwalimu alisema.

"Si kuwatenganisha, Taata. Ni kuwagawana, ili mtunzwe vizuri. Wewe umemzika mtu aliye hai. Mama nusura achome nyumba. Tufanye nini?"

Edvina alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Sasa alikiinua.

"Baba yenu si mgonjwa," alisema. "Msiseme hivyo. Akili yake iko sawa. Majina tu ndiyo yamemkimbia."

"Yamemkimbia vipi?"

"Yamemkimbia. Tangu kabla ya korona. Anamwona mtu, anamjua kabisa, anajua alikaa dawati gani na alichapwa kwa kosa gani, lakini jina haliji. Au linakuja jina la ndugu yake. Mtu anafika hapo anacheka, anamwuliza, Mwalimu unanikumbuka? Na Mwalimu anatoka jasho. Mnajua aibu yake? Mwalimu aliyeita mahudhurio maisha yake yote! Basi mimi ndiye ninayemwambia. Mtu akitokea pale njiani namtaja kwa sauti. Tukienda msibani, njia nzima namwambia nani amekufa, nani mjane, nani kaka. Ningekuwepo, Kahangwa asingezikwa."

Joanitha alimtazama mama yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Zile kelele zote. Yale matangazo ya mlangoni ambayo yeye mwenyewe aliyaonea haya mbele ya wenzake. Akageuka kwa baba yake. "Taata, ulikuwa unajua kwamba anakufanyia hivyo?"

"Tangu siku ya kwanza," Mwalimu alisema taratibu. "Nilimshukuru Mungu, nikanyamaza. Ningesema nini?"

Datius alipangusa uso kwa viganja. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza hoja. "Sawa. Hiyo ni ya Taata. Na gesi ya Mama?"

 Mwalimu alitazama mikono yake.

"Taata?"

"Mama yenu huunguza," alisema.

"Huunguza nini?" Edvina aliuliza.

"Chungu. Ukitoka nje kidogo, ukakutana na kazi nyingine, ukiona jani kavu au kuku ameingia kwenye mtama, jiko linakutoka kichwani. Linatoka kabisa. Mwanzo nilidhani ni mara moja. Siku moja moto ulitambaa hadi kwenye kuni, nikaumwagia maji, wewe uko kibanjani unaimba. Uliporudi ulidhani umezima wewe."

"Mimi?" Edvina alicheka, kicheko kifupi cha hasira. "Mimi naunguza? Miaka yote ninayopika ndani ya nyumba hii, nani amewahi kula chakula kilichoungua kwangu? Mtajeni!"

"Hakuna," mumewe alisema. "Kwa sababu mimi nakaa pale."

Nje kulikuwa na mtu anayepita akisukuma baiskeli, mnyororo ukigongagonga. Walimsikia mpaka akatokomea.

Edvina alisimama, akaketi, akasimama tena. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Uliniambia ni baridi," alisema. "Projestus. Uliniambia ni baridi."

Kisha akatoka.

Joanitha alimkuta katikati ya kibanja, anavua majani kwenye mgomba ambao haukuwa na jani kavu. Alikuwa anachana majani mabichi, moja baada ya jingine. 

"Mimi nilidhani namtunza yeye," Edvina alisema bila kugeuka. "Kila siku nasali, Bwana, nipe nguvu nimtunze mzee wangu, amebaki kama mtoto. Kumbe na mimi nimeketiwa kama mtoto. Naangaliwa nisijiunguze. Na mimi sijui! Unasikia? Yeye anajua kwamba hajui. Mimi sikujua hata hilo."

Hapo ndipo Joanitha alipoanza kulia, si kwa sababu ya gesi wala ya Kahangwa.

Hawakuwagawana siku ile. Datius mwenyewe alisema hawezi, aliondoka amechanganyikiwa, akaomba tu wazee wakapimwe. Joanitha aliwapeleka kwa daktari mmoja Bukoba mjini, kijana aitwaye Muharami, mwenyeji wa Tanga, aliyezungumza Kiswahili laini mpaka Mwalimu akavutiwa. Aliwachukua damu, akapima presha, akasikiliza mioyo. Akawapa maneno ya kushika na kuyarudia baadaye, akawaambia wachore saa ya ukutani, wahesabu kurudi nyuma. Aliwapima mmoja mmoja, mlango umefungwa. Mwalimu alihesabu kurudi nyuma haraka kuliko daktari mwenyewe, lakini kila alipoulizwa jina la kitu kwenye picha, macho yake yalikwenda mlangoni. Edvina alitaja majina yote. Alipoambiwa afanye mambo mawili kwa pamoja, kupanga karata huku akihesabu, karata zilibaki mkononi.

Mwisho daktari aliwaita wote ndani.

"Wazee wangu, shikamooni tena," alisema. "Nitawaambia nilichokiona, na nisichokiona. Sijaona ugonjwa. Nimeona uzee. Jina kuchelewa kuja, hilo huwapata wengi. Kushindwa kufuata mambo mawili kwa wakati mmoja, hilo nalo huwapata wengi, hasa mtu akipelekwa kwenye jiko asilolizoea na nyumba isiyo yake. Mengine yote mnayafanya wenyewe, sivyo? Mnalima, mnapika, mnakwenda kanisani?"

"Tunafanya," Mwalimu alisema.

"Je, inaweza kuongezeka?" Joanitha aliuliza.

"Inaweza. Inaweza pia kubaki hivi hivi mpaka mwisho wao. Siwezi kukuahidi. Warudisheni kwangu kila baada ya muda niwatazame. Lakini dada yangu, nikuulize. Mama alipokatazwa kupika, alikuwa vipi?"

Joanitha alikumbuka kochi. Alikumbuka Benigna akimwambia kwamba bibi anauliza leo ni siku gani.  "Alikuwa vibaya zaidi," alisema.

Daktari alitikisa kichwa kukubali.

Watu wangedhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Walirudi Ijumbi pamoja, kama walivyotaka, lakini Edvina alirudi na jeraha. Alimfungia mumewe mlango wa jikoni. "Kaa barazani kama wanaume wenzako," alisema. Mwalimu akakaa barazani. Maharage yakaungua. Kesho yake aliapa kutotoka jikoni hata kidogo, akasikia mbuzi wa jirani kwenye viazi, akatoka, akarudi akakuta moshi. Alisugua sufuria kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, hakumwambia mtu.

Na majina aliacha kuyataja. Wageni walipokuja aliwakaribisha kwa sauti ya chini, "Karibu," basi. Watu wakajua kuna jambo. Wengine walisema ameugua koo. Mwalimu alianza kuingia chumbani kila aliposikia hodi.

Iliendelea hivyo mpaka Jumapili moja. Misa ilikuwa imekwisha, watu wametapakaa nje ya kanisa wakisalimiana kama kawaida. Edvina alimtafuta mumewe asimwone. Alizunguka upande wa nyumba ya mapadri, akapita kwenye tangi kubwa la maji ya mvua, na nyuma ya tangi akamkuta. Mwalimu Rwekaza, mrefu kama alivyo, amejibanza kwenye saruji, kofia mkononi, amesimama kama mtoto aliyekimbia hesabu. Alikuwa anasubiri watu waondoke.

Edvina alishtuka. Aliniambia, maana mimi ni jirani yao na tuliimba kwaya pamoja, kwamba katika maisha yake amezika wazazi, amezika mtoto mchanga, lakini hakuwahi kuona kitu kilichomkata kama kile. Mwanamume aliyekuwa akiingia darasani watoto wote wanasimama, anajificha asisalimiwe.

"Projestus. Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri wapungue."

 Edvina alimshika mkono wa shati, akamvuta. Mwalimu alijaribu kukaza miguu, lakini mke wake ana nguvu za kubeba mikungu. Alimleta mpaka katikati ya watu, na alipopaza sauti hata waliokwisha kufika barabarani walisimama.

"Sikilizeni! Mwalimu hakumbuki majina. Si kwamba anawadharau, na si kwamba amewaombea mabaya. Hakumbuki. Na mimi nasahau jiko. Naunguza. Sasa mmejua. Anayetaka kumsalimia ajitaje kwanza."

Hakuna aliyesogea.  Kwetu mambo ya mtu husemwa nyuma ya migomba, hayasemwi mbele ya parokia na mwenye nayo. Mzee mmoja alivua kofia bila sababu. Padri alikuwa mlangoni, na kanzu yake ya misa bado mwilini, hakujua aingie au atoke. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa amefumba macho.

Kisha Kahangwa alitoka kundini. Watu walimpisha. Alikuwa hajazungumza na Mwalimu tangu mazishi. Alisimama mbele yake, nasi tukadhani atamtukana.

"Mimi ni Kahangwa," alisema. "Aliyekufa ni Rugaibula."

Mwalimu alifumbua macho. "Kahangwa," alirudia. Alilishika lile jina kinywani kama mtu anayeonja. "Nilikuwa nakuona wewe, mwanangu. Siku ile nilikuwa nakuona wewe pale mbele, jina lako ndilo lililokuja. Rugaibula nilikuwa naye moyoni, jina lake halikuja. Nisamehe."

Kahangwa hakusema amesamehe. Alitoa mkono. Walishikana mikono muda mrefu, na mtu wa pili akasogea, akasema, "Mimi Riyadhi, Mwalimu, ulinifundisha hesabu," maana hata Riyadhi, asiyesali pale, alikuwa amesimama na pikipiki yake barabarani akisubiri abiria wa kanisani. Wakaja na wengine. Si wote. Wapo walioondoka wakinong'ona, na wapo mpaka leo wanaosema nyumba ile ina kitu.

Mchana wa siku ile Edvina alifungua mlango wa jikoni. Hakumwita, alikiweka kigoda tu mahali pake. Mwalimu alikuja na redio. Aliniambia Edvina kwamba ndizi zilipoiva yeye mwenyewe aliuliza, "Huwa naunguza mara ngapi?" Mumewe akajibu, "Usiniulize hesabu, wewe pika."

Mwaka umepita. Wapo pale pale. Joanitha huja mara nyingi kuliko zamani, na alipokuja karibu na Pasaka nilikuwepo, nimekwenda kuomba machipukizi. Aliketi karibu na mama yake uani, bado na nguo za safari, akasema anataka kumwambia jambo ambalo hajamwambia mtu.

"Juzi nilikuwa dukani, Mama. Alikuja mteja, namuuzia dawa ileile kila mwezi. Nikageuka kwenye kabati. Jina la dawa halipo. Namwona yule mama, naiona hata rangi ya kidonge, jina hakuna. Nikasimama nimewapa watu mgongo, jasho linanitoka. Nina miaka hamsini na moja." Alikuwa ananong'ona. "Mume wangu hata nikimwambia hatasikia, yuko na simu yake. Nani atakaa na mimi?"

Nilitaka kuondoka, lakini Edvina alinishika goti nikae.

Hakumwambia kwamba si kitu. Hakumtajia daktari. Alimtazama binti yake usoni kwa namna ambayo nilijua hata yeye ameogopa. Kisha akamsogezea rundo la ndizi na kumpa kisu.

"Wakati ule kichwani ulikuwa na nini?"

Joanitha alifikiri. "Kodi ya pango. Mtoto wa Benigna ana homa. Dereva wa mzigo ananipigia."

"Mm," Edvina alisema. "Menya. Halafu unihadithie moja moja, ya huyo mtoto kwanza."

Joanitha alianza kumenya, utomvu ukimshika vidoleni, na kumweleza mama yake habari za homa ya mtoto tangu ilipoanza.